Ganda la Sita Kwenye Sahani

Wewe unayenisikiliza, kwanza piga picha ya sahani moja akilini. Sahani ya karatasi, nyeupe, ya kawaida kabisa, kama ile ya kulia keki kwenye sherehe ya mtoto. Juu yake yamelazwa maganda ya maharage mabichi, yamenyooka, vikonyo vyote vimeelekea upande mmoja. Usicheke. Watu wazima wenye kazi zao na wajukuu wao huamka alfajiri kupanga sahani ya namna hiyo ili washindane nayo, na mimi ni mmoja wao. Nitakueleza taratibu jinsi mambo haya yanavyokwenda, maana usipoyaelewa hutaelewa kwa nini sahani moja ya maharage nusura imrudishe mama mkwe wangu Mwanza.

Tunaishi Harrow, upande wa kuelekea Rayners Lane. Ni London, lakini mtaa wetu ulikuwa kijiji kabla jiji halijaufikia, na wenyeji bado hawajakubali kwamba jiji limefika. Kila mwisho wa kiangazi hufanya onyesho la maua na mazao katika ukumbi wa kanisa, na anayelima kokote mtaani anaruhusiwa kuingia, awe na bustani nyuma ya nyumba au ploti ya kukodi kutoka halmashauri kama sisi. Ploti yetu iko kando ya reli. Treni ikipita, mabua ya mahindi ya jirani hutikisika yote kwa pamoja, kisha hutulia.

Onyesho hugawanywa katika vipengele. Kuna kipengele cha vitunguu, cha viazi, cha karoti, cha nyanya pamoja na vikonyo vyake. Kuna waridi moja ndani ya chupa, kuna maua ya dalia yenye vichwa vikubwa kama vya watoto wachanga. Kuna jamu, kuna keki ya matunda ambayo wote huoka kwa maelekezo yale yale ili pasiwe na ujanja, na kuna meza ya watoto ambao hutengeneza wanyama kwa matango na njiti za kiberiti. Kila kipengele kina idadi yake. Vitunguu ni vitatu. Viazi ni vitano. Maganda ya maharage ni matano.

Kosa la kwanza la mgeni ni kudhani kwamba kikubwa ndicho kinachoshinda. Nilidhani hivyo mwaka wangu wa kwanza, nikapeleka kitunguu kimoja kama kichwa cha mtu na viwili vya saizi ya ngumi, nikashangaa kutoka mikono mitupu. Mwamuzi anatafuta kufanana. Anataka vitunguu vitatu vilivyo ndugu wa tumbo moja, shingo zimefungwa kwa uzi wa ukili, maganda hayajachubuliwa. Maharage anataka yawe na urefu mmoja na unene mmoja, na kikonyo kiwepo. Wala usiyasugue yakang'aa, kwa sababu ule ukungu mwepesi juu ya ngozi ndio ushahidi kwamba hayajashikwashikwa. Ukiyajua haya, nusu ya kazi umeimaliza.

Haya yote nilimfundisha mama mkwe wangu, ila sikumfundisha kwa kumwambia. Hapo inabidi nieleze tena.

Kwetu kando ya ziwa, mwanamume na mama wa mke wake huheshimiana kwa kukaa mbali. Hampeani mikono, hamli meza moja, hamtazamani machoni, na jina lake hulitamki. Nyumbani jambo hilo ni rahisi, maana uwanja ni mkubwa na majiko ni mawili. Ndani ya nyumba ya Harrow inayotumia ukuta mmoja na jirani, yenye ngazi nyembamba na bafu moja, heshima ni kazi ya mikono. Nilipotaka kushuka ngazi nilikohoa. Yeye alipotaka kupanda aligonga ukuta. Watoto wetu, ambao wanaelewa Kiswahili lakini hujibu kwa Kiingereza, walidhani nina pumu.

Alikuja kwetu baada ya baba mkwe kufariki. Karatasi za kuishi hapa alikuwa nazo. Alichokosa ni sababu. Mwanza alikuwa na nyumba iliyobaki kufuli tu, watoto wote wametawanyika, na presha iliyokuwa ikimwangusha pasipo mtu wa kumwinua. Hilo ndilo lililomnyima mke wangu usingizi. Lakini mama alikaa dirishani majira yote ya baridi akitazama mvua, na kila mara alisema neno lile lile: "Nitakaa mpaka kiangazi kiishe, halafu mnikatie tiketi. Mtu hawezi kuwa mgeni mpaka kufa."

Mke wangu ni muuguzi. Siku moja alirudi kutoka zamu, akaketi kitandani bila kuvua koti, akaniambia, "Mpeleke ploti."

"Mimi? Nitampelekaje? Tutasemezana nini?"

"Msisemezane. Limeni."

Basi tukalima. Yeye alianza mwisho mmoja wa ploti na mimi mwisho mwingine, migongo imepeana, na hapo katikati kulikuwa na toroli. Baada ya siku chache nikasikia sauti.

"Toroli," alisema mama mkwe wangu, akiwa ameinamia jembe lake, "huu udongo una njaa. Mtu mwenye akili angeleta samadi."

Nikaligeukia toroli. "Toroli, samadi italetwa Jumamosi."

"Na fito ndefu. Maharage ya kutambaa hayapandi angani kwa maombi."

Tangu siku hiyo toroli letu likawa na shughuli nyingi. Kupitia kwake nilieleza ukungu wa maharage na urefu wa maganda, na kupitia kwake nilifundishwa mengi zaidi. Mama mkwe wangu aliuza maharage na mboga sokoni maisha yake yote ya utu uzima. Mbegu alizitoa katika mfuko wa maharage ya kupika tulionunua duka la Wahindi karibu na stesheni ya Rayners Lane. Alizichambua kwenye ungo kabla hazijaingia sufuriani, akatenga zile nono zenye madoadoa mekundu, akazipanda mwezi wa tano, baridi ilipokuwa imekwisha kuuma. Mimi sikuwa na imani. Zilipanda fito kama zinakimbizwa.

Jirani yetu wa ploti ni mzee wa Kihindi aliyezaliwa Kisumu akaja huku kijana. Kiswahili chake ni cha dukani, kikavu na cha haraka, na ameshinda kipengele cha vitunguu mara nyingi kiasi kwamba mama mkwe wangu alimpa jina, Mzee wa Vitunguu. Wao hawakuhitaji toroli.

"Mama, hayo maharage unayalea kama wajukuu."

"Wajukuu hawanisikii hivi. Nikisema njoo, wanasema *okay*, halafu hawaji."

"Na vitunguu vyangu umeviona?"

"Nimeviona. Vinanenepa, vinakaa tu. Kama mwenyewe."

Mzee alicheka mpaka akashika fito. Ndiye aliyesema maharage yale yaende kwenye onyesho. "Kila mwaka anashinda bwana mmoja wa ploti za kule juu, maharage yake yamenyooka kama rula, mimi nimechoka na uso wake. Mama, tafadhali. Mwondoe."

Jioni hiyo nilimwona mama mkwe wangu akipima maganda kwa vidole, moja baada ya jingine, yakiwa bado kwenye mmea. Usiku mke wangu aliniambia kwa sauti ya chini, "Akipata hata kadi ya mshindi wa tatu, atakuwa na kitu cha kurudia mwakani. Atakaa." Nami nikaona hivyo hivyo. Kiangazi kilikuwa kinakwisha, na neno la tiketi lilikuwa limeanza kusikika tena nyumbani.

Asubuhi ya onyesho tulichuma umande ukiwa bado haujakauka. Maganda tuliyaviringisha ndani ya kanga iliyoloweshwa kidogo, yasilegee wala kupinda. Jambo hilo alilijua yeye bila kufundishwa. Ukumbini nilimsogezea sahani, nikarudi nyuma hatua kadhaa. Alichagua. Nilihesabu kwa macho: matano, urefu mmoja, yamelala kama samaki wa tenga moja. Nikasoma masharti tena ukutani, nikaridhika. Kisha Mzee wa Vitunguu akaniita nimsaidie kubeba trei yake kutoka kwenye gari, na tuliporudi kengele ilikuwa ikipigwa ili washindani wote tutoke. Waamuzi hufanya kazi milango ikiwa imefungwa. Sikuitazama sahani tena.

Milango ilifunguliwa mchana. Kama hujawahi kuingia ukumbi wa namna hiyo, harufu ndiyo inayokupokea: vitunguu, waridi, chai, na udongo. Kadi zimekwisha kuwekwa, nyekundu kwa wa kwanza, bluu kwa wa pili, njano kwa wa tatu, na watu wanapita wakijifanya hawaangalii. Mama mkwe wangu alivaa gauni lake la kitenge na koti la mke wangu, akatembea mbele. Mimi nilifuata kwa umbali unaostahili.

Mezani kwa maharage kadi nyekundu ilikuwa kwa yule bwana wa rula. Bluu kwa mwingine, njano kwa mwingine. Kwenye sahani yetu palikuwa na kadi ndogo nyeupe iliyoandikwa kwa kalamu: haikufuata masharti.

Mzee wa Vitunguu alikuwa amekwisha fika. Aliinama, akanyoosha kidole. "Moja, mbili, tatu, nne, tano, sita." Akainuka akanitazama. "Mwalimu! Si unafundisha hesabu wewe? Watoto wa watu unawapeleka wapi?"

Ni kweli, nafundisha hesabu. Na ni kweli, juu ya yale matano, katikati, limelala ganda la sita, zuri kuliko yote.

Nilielewa papo hapo aliyeliweka na kwa nini. Wewe pia, kama umewahi kununua fungu la nyanya sokoni, unaelewa. Muuzaji amekwisha kukupa fungu lako, umekwisha kulipa, kisha mkono wake unarudi kwenye rundo, anachukua moja anaitupia juu. Nyongeza. Hakuna aliyemlazimisha. Mama mkwe wangu hakuwahi katika maisha yake kumkabidhi mtu kitu kilichohesabiwa sawasawa. Kuacha matano makavu mbele ya mgeni anayekuja kuyatazama, kwake, ilikuwa kama kumfungulia mtu mlango na kumsimamisha kizingitini.

Alisimama pale akitazama ile kadi nyeupe asiyoweza kuisoma. Mke wangu alikuwa kazini. Watoto walikuwa kwenye meza ya wanyama wa matango. Toroli lilikuwa ploti. Palikuwa na mimi tu.

Niliiambia meza. "Meza," nilisema, "maharage haya hayakushindwa kwa ubaya. Sheria inataka matano. Yakiwa sita, mwamuzi haruhusiwi kuyapima."

Naye akaiambia meza, "Sheria imeandikwa?"

"Imeandikwa."

"Mahali watu wanapaona?"

"Ukutani pale."

"Basi mwamuzi yuko sawa. Hata mizani yangu haikuwa na ndugu." Akarekebisha koti mabegani. "Ila nilidhani nimekwisha kupajua hapa. Kumbe sijapajua."

Hakusema kwa hasira. Ingekuwa hasira ningepata nafuu. Alisema kama mtu anayefunga sanduku, na mimi nikaona dirisha, na mvua, na baadaye uwanja wa ndege.

Wakati huo mwamuzi mwenyewe alikuwa akipita. Desturi ni kwamba kazi ikiisha wanabaki ukumbini ili mtu aweze kuwauliza alikosea wapi, na nawashukuru kwa hilo mpaka leo. Alikuwa mama wa Kiingereza wa umri wa mama mkwe wangu, mrefu, koti jeupe, kucha zimeingia udongo wa miaka. Nilimsimamisha. Sikutaka abadilishe kitu. Nilitaka tu ajue kwamba halikuwa kosa la kuhesabu. Nikamweleza kuhusu fungu na mkono unaorudi kwenye rundo.

Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akamgeukia mama mkwe wangu, akazungumza naye yeye, si mimi, na ikabidi nitafsiri. Fikiria mtihani huo. Mkalimani mzuri husema "mimi" kwa niaba ya anayemtafsiria, na mimi nisingeweza kusema "mimi" kwa kinywa cha mama mkwe wangu huku nimemkabili. Mama mkwe wangu aliutatua kwa kugeuka na kuvitazama vitunguu. Nami nikavitazama vitunguu. Tukawa watatu tunazungumza, wawili wetu tukiwa tumevipa vitunguu vya mzee heshima ambayo havijawahi kuipata kwa mtu.

"Anasema," niliviambia vitunguu, "ndiyo yaliyokuwa mazuri kuliko yote mezani. Anasema aliyazunguka mara mbili akitafuta njia, hakuiona. Akikuachia wewe, hataweza kuwatazama wengine."

"Mwambie hata mimi ningemcheka kama angeniachia."

Nikatafsiri. Mwamuzi akacheka. Kisha akauliza swali, na nikalitafsiri polepole ili nisikosee: "Anauliza hili la juu, kama ni la zawadi, ni la nani?"

"La mteja," alisema mama mkwe wangu, bila kufikiri.

Mwamuzi akalichukua lile ganda la sita. Akalishika ncha mbili, akalivunja. Lililia ka!, sauti safi, ile sauti ambayo waamuzi huisikiliza kujua kama ganda ni bichi kweli, halina uzi wala uzee. Nusu akaila palepale, mbichi, amesimama. Nusu akampa mama mkwe wangu, naye akaila. Walitafuna wakitazamana, na hapo hapakuhitajika mkalimani.

Halafu akauliza ni mbegu gani. Nilipomweleza kwamba ni maharage ya kupika kutoka dukani Rayners Lane, alifumba macho kidogo kama mtu aliyesikia habari njema ya jirani. Akasema katika miaka yote hajaona ganda la madoa namna ile likinyooka hivyo. Akauliza kama, mbegu zikipatikana, angeweza kupewa chache apande mwakani.

Mama mkwe wangu aliliangalia swali lile kwa muda mrefu kuliko nilivyotegemea. "Mwambie atapata," alisema mwishoni.

Mzee wa Vitunguu alijiingiza. "Na mimi?"

"Wewe una vitunguu."

"Mama, jirani ni jirani!"

"Utapata zilizobaki."

Tulikunywa chai. Vitunguu vya mzee vilikuwa na kadi nyekundu, kama kawaida, na alihakikisha kila aliyepita ameiona. Paka wa tango wa binti yangu alipata njano ingawa mkia ulikuwa umedondoka. Mimi nilikaa meza ya pili kutoka kwa mama mkwe wangu, na nikiri kwamba sikuonja keki. Bado nilikuwa nikisubiri neno la tiketi.

Jioni, jua likiwa bado juu, mke wangu alitukuta ploti akitoka kazini moja kwa moja, viatu vya hospitali miguuni. Nilikuwa nimeanza kuchuma maganda yaliyobaki kwa ajili ya chakula cha usiku. Mama mkwe wangu alimwita.

"Mwambie mumeo yale ya mstari wa mwisho asiyaguse. Yanakomaa. Ni mbegu."

Mke wangu alinitazama, akamtazama mama yake. Alikuwa amekwisha kusimuliwa habari za kadi nyeupe kwa simu na alikuja akiwa amejiandaa kwa mabaya. "Mama," alisema kwa uangalifu, "mbegu hazitakauka mpaka kiangazi kimekwisha. Na za kupanda ni mwezi wa tano."

"Nimelima kabla hujazaliwa, unanifundisha miezi?" Alikuwa ameinama, anafunga uzi mwekundu kwenye mche. "Yule mama ameniomba mbegu. Mtu hakuombi mbegu kama hataki kukuona mwakani. Nimeshasema atapata. Sasa nitamwachia nani azichambue? Nyie? Mwalimu wa hesabu aliyeshindwa na tano?"

Mke wangu alikaa chini kwenye majani, na viatu vyake vyeupe, akalia na kucheka kwa pamoja. Mimi niligeuka upande wa reli kwa heshima, maana mwanamume hatazami furaha ya mama mkwe wake ana kwa ana. Treni ilipita, abiria wakatutazama: mtu mmoja amesimama anaangalia reli, mwanamke mmoja kaketi majanini, na mama mmoja anaendelea na kazi.

Nawashukuru wote. Namshukuru mwamuzi aliyekataa kupindisha sheria, kwa sababu mama mkwe wangu asingeiamini zawadi ya huruma. Namshukuru mzee na ulimi wake. Namshukuru mama mkwe wangu mwenyewe, ambaye amenifundisha kwamba watu wanaweza kupeana migongo na bado wakalima shamba moja vizuri. Kiangazi kiliisha, mvua ikaja, na dirishani palikuwa na ungo wa mbegu mahali alipokuwa akikaa.

Nawe kama umepanda maharage mwaka huu, hata kwenye ndoo barazani, fanya hivi. Chagua mche mmoja uliozaa vizuri kuliko mingine, ufunge uzi ili mtu asiusahau, na maganda yake usiyachume. Yaache yawe manjano, kisha rangi ya karatasi, mpaka yalie ukiyatikisa. Mvua ikiwahi, ng'oa mche mzima na uuning'inize ndani, mizizi juu. Yapasue, tandaza mbegu kwenye gazeti mahali pasipo na jua kali mpaka ukucha usiweze kuziachia alama. Tupa zilizosinyaa na zilizotobolewa. Zilizobaki zitie kwenye bahasha ya karatasi, si ya plastiki, uandike juu yake ni maharage gani, uiweke pakavu, na nyingine kama hiyo umpelekee jirani.